Shahada na Shahidi

Neno shahada na neno shahidi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yalitoka katika Kiarabu, yakaingia katika Kiswahili, kisha kila moja likaenda kukaa mahali pake: shahada ikakaa msikitini na chuoni, shahidi akakaa mahakamani. Wameachana kwa makao, lakini damu yao haijaachana. Atoaye shahada hushuhudia, na apewaye shahada hushuhudiwa. Chuo kikuu kinapomtunukia mtu shahada ya uzamivu husema mbele ya ulimwengu kwamba kimeiona kazi yake, kimeijaribu, na kimeridhika kuwa ni ya kweli na kuwa ni yake. Basi hapo huzuka swali ambalo halikuwa zito zamani kama lilivyo leo: chuo kilicho mbali, kisichopata kumtia mwanafunzi wake machoni ila katika kioo cha kompyuta, hushuhudia nini?

Swali hili limefika Shinyanga na Geita kabla watu hawajawa tayari kulijibu. Katika nchi ile ya majabali, pamba na madini, wako watu wazima wenye kazi na jamaa ambao huketi usiku mbele ya kompyuta wakitafuta shahada ya uzamivu katika teknolojia ya habari. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni mtumishi wa halmashauri, wa tatu ni fundi wa mitambo mgodini. Chuo chao kiko Dar es Salaam, au Afrika Kusini, au Uingereza, au Marekani. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni safari ya karibu kilometa 1,000, na kwenda kukaa huko miaka mitatu au minne ni kuacha mshahara, kuacha shamba na kuacha watoto. Mtu wa namna hii hana ila mambo mawili: ama chuo kimfuate alipo, ama akae bila ya chuo. Chuo kinapomfuata kwa njia ya intaneti, wako majirani wamsifuo, na wako wamchekao wakisema kuwa huo ni udaktari wa hewani.

Kicheko hicho kinastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa. Kusoma kwa mbali si uzushi wa zama za kompyuta. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu ambao hawakupata kukaa katika kumbi zake. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU, wanafunzi wake wa kwanza wa sheria walisomea shahada za London, na hapana aliyesema kuwa sheria waliyojifunza ilikuwa pungufu kwa sababu bahari ilikuwa katikati. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha umati wa watu vijijini kwa redio, vijitabu na vikundi vya masomo. Katika miaka iliyofuata, nchi ilipohitaji walimu wengi kwa haraka, makumi ya maelfu yao walifunzwa huku wakiwa kazini, kwa barua, redio na semina fupi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikafungua vituo mikoani, Shinyanga ukiwamo. Mwaka 2009 mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Dar es Salaam, na tangu hapo mkongo wa taifa umezidi kusambaa barani. Kwa hiyo umbali wenyewe si aibu. Taifa zima lilisoma kwa mbali kabla ya kuwa na jina la jambo hilo.

Walakini shahada ya uzamivu ina tabia yake, wala haifai kuichanganya na masomo mengine. Waliochagua neno uzamivu hawakukosea. Kuzama si kuogelea. Mwenye shahada ya kwanza huonyesha kuwa amepokea maarifa ya waliomtangulia. Mzamivu hutakiwa kurudi kutoka chini na kitu ambacho hakikuwako juu, kiwe kikubwa au kidogo, lakini kiwe kipya na kiwe cha mkono wake. Mchimbaji mdogo wa Geita ashukaye katika duara, kama wanavyoliita shimo lao, huelewa jambo hili pasipo kufundishwa. Aliyeko juu hawezi kumwona aliyeko chini. Huisikia kamba ikitikisika, huvuta mfuko, kisha hutazama kilichomo. Kati ya mfuko na macho yake pana giza, na giza hilo ndilo mahali pa uaminifu.

Tena teknolojia ya habari ina hatari ambayo taaluma nyingine hazikuwa nayo kwa kadiri hiyo. Mwanafunzi wa kilimo hawezi kulima kwa kalamu, wala mwanafunzi wa ujenzi hawezi kuinua ukuta kwa maneno. Mwanafunzi wa kompyuta hujifunza kwa kompyuta, huchunguza kompyuta, na akitaka kudanganya hudanganya kwa kompyuta iyo hiyo. Tangu mwisho wa mwaka 2022, zana za akili mnemba zimekuwa mikononi mwa kila mtu, nazo zaweza kuandika sura ya tasnifu au sehemu ya programu katika muda ambao maji ya chai hayajachemka. Na kabla ya hapo biashara ya vyeti ilikwisha kuwako. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya mjini Karachi iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwako, kwa majina mazuri na tovuti za kupendeza. Wapinzani wa udaktari wa mbali hutaja mambo haya, kisha huuliza: mbona mlango huu usifungwe kabisa?

Hoja yao ina nguvu, lakini haifiki inakokwenda. Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, vya kidato cha sita na vya ualimu. Hivyo ni vyeti vya mitihani ambayo watahiniwa wake huketi katika madawati, mbele ya wasimamizi wenye macho mawili kila mmoja. Udanganyifu basi haukuzaliwa na umbali. Umezaliwa na tamaa ya kuvaa kisichoshonwa kwa ajili ya mvaaji, na tamaa hiyo huishi darasani kama inavyoishi nyumbani. Kumtazama mtu usoni si kumtazama moyoni. Kama jicho la mwalimu lingekuwa shahidi wa kutosha, vyeti vile visingepata kuwako.

Yaliyo mgodini yanaweza kulifafanua jambo hili kuliko yaliyo chuoni. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Bre-X ya Calgary, Kanada, ilitangaza kuwa imepata dhahabu nyingi mno huko Busang, katika kisiwa cha Borneo, nchini Indonesia. Makadirio yake yalipanda hata yakafika wakia milioni 70. Sampuli zilipelekwa maabara, na maabara ilipima kwa haki. Upimaji wa dhahabu mara nyingi hufanywa kwa moto: jiwe husagwa, unga wake huyeyushwa pamoja na madini ya risasi, risasi hukusanya dhahabu, kisha hutengwa kwa moto mpaka kibaki kitone kidogo kiendacho mizanini. Mizani ilisema kuna dhahabu, na mizani haikusema uongo. Lakini mwaka 1997 uchunguzi wa watu wengine ulionyesha kuwa Busang hapakuwa na kitu cha maana. Dhahabu ilikuwa imenyunyizwa katika sampuli kabla hazijafika maabara. Chembe zake zilikuwa na mviringo, kama dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto, wala hazikuwa na pembe za dhahabu itokayo katika mwamba.

Hapa ndipo penye fundisho. Dhahabu ya Busang ilikuwa dhahabu. Kosa lake ni kuwa haikuwa dhahabu ya ardhi ile. Vivyo hivyo tasnifu iliyoandikwa na mtu mwingine, au na mashine, yaweza kuwa na hoja sahihi, takwimu safi na lugha isiyo na doa. Mtahini ataipima kwa haki na ataikuta na dhahabu. Hata hivyo itakuwa dhahabu ya mtoni, iliyokusanywa kutoka katika maji ya watu wengi, ikasuguliwa mpaka ikapoteza pembe. Mtahini hushuhudia kilicholetwa. Aliyeleta ndiye ajuaye kilikotoka.

Kulikuwa na dalili nyingine katika habari ya Busang, nayo ni ndogo lakini ina uzito kuliko zote. Mtambo wa kutafuta madini huchomoa ardhini mche mrefu wa jiwe. Desturi ya wajiolojia ni kuupasua mche huo kwa urefu wake. Nusu moja husagwa na kupimwa, na nusu ya pili huwekwa katika sanduku ikae miaka mingi, ili mwenye shaka aje aipime mwenyewe. Busang hawakuweka nusu ya pili. Walisaga karibu mche wote. Mtu mwaminifu angejiuliza mapema kwa nini shahidi aliuawa siku ile ile aliyozaliwa.

Basi jibu la swali la shahada na shahidi laweza kuanzia katika nusu hii ya pili. Mwanafunzi wa mbali hana mwalimu wa kumwona akihangaika, wala hana wenzake wa kusema kuwa walimkuta maktabani usiku. Kwa hiyo ni juu yake kuitunza nusu ya mwamba wake. Nusu hiyo ni takwimu kama zilivyotoka shambani kabla ya kusafishwa, ni daftari la majaribio yaliyoshindwa pamoja na tarehe zake, ni kila toleo la programu tangu siku ilipokuwa haifanyi kazi, ni barua za msimamizi na majibu yake, ni maelezo ya wazi ya mahali ambapo mashine ilisaidia na mahali ambapo haikusaidia. Aliyeiba hana nusu ya pili, kwa kuwa bidhaa ya kununua huja bila makapi. Mwenye kazi yake hukaa katikati ya makapi, na makapi hayo ndiyo heshima yake.

Huenda mtu akauliza: ikiwa dhahabu ni dhahabu, yadhuru nini kujua ilikotoka? Kama programu inafanya kazi, ya nini kumtafuta aliyeiandika? Swali hili ni la werevu, lakini lasahau kuwa shahada haitolewi kwa karatasi. Hutolewa kwa mtu. Karatasi hubaki rafuni, na mtu huenda kuitwa siku ya dhiki. Siku ambayo kumbukumbu za hospitali ya wilaya zimevurugika, au chombo kipimacho mwendo wa mwamba katika mgodi wa chini ya ardhi kimetoa ishara isiyoeleweka, ataitwa yule mwenye cheo cha daktari. Watu watamtazama kama wagonjwa wamtazamavyo tabibu. Ikiwa alichonacho ni dhahabu ya kunyunyiza, hatakuwa na pa kuchimba, na hasara haitakuwa yake peke yake. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, na mwili utakaokuwa wazi siku hiyo ni wa umma.

Watu wa Shinyanga walikwisha kuona gharama ya kutoweza kupima. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili mkoani Shinyanga. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikasema kuwa dhahabu iliyomo ilikuwa nyingi mno kuliko ile iliyotangazwa, na kampuni ikakana. Mwisho wa shauri ulikuwa mapatano ya mezani. Fundisho lake kwa wasomi haliko katika kumhukumu mmoja wa wagombanaji. Liko katika hili: mchanga ulikuwa umesafiri kwa miaka mingi, na nchi iliyouzaa ilianza kubishana juu ya kilichomo baada ya siku nyingi kupita. Nchi isiyo na wapimaji wake hupokea hesabu ya mwenzake, na anayepokea hesabu ya mwenzake hushukuru akipewa, na hukisia akinyimwa.

Hapo ndipo udaktari wa mbali unapoonyesha wema wake, nao ni wema ambao wapinzani wake hawautaji. Humwacha mtu mahali penye swali. Shinyanga ina mfano wa jambo hili. John Williamson, Mkanada mwenye shahada ya uzamivu ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta. McGill ilikuwa imeshuhudia kuwa anajua mawe, lakini ushahidi wenyewe ulitolewa na ardhi ya Mwadui, ambayo haikusoma cheti chake. Yeye alipata shahada mbali, kisha akaja mahali palipo na swali. Mwanafunzi wa leo wa Kahama au Geita yuko penye swali tangu mwanzo, na shahada ndiyo inayomfuata. Wachimbaji wadogo wanaouza dhahabu yao katika masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019 wana mambo mengi ya kuwekewa hesabu: mgawo wa mwenye duara na wachimbaji, mkopo wa chakula, madeni ya zebaki. Kisukuma ni lugha ya mamilioni ya watu, na mashine bado hazikijui kama zinavyojua Kiingereza. Haya ni maswali ambayo profesa wa Boston hawezi kuyaona akiwa dirishani pake. Na kazi iliyochimbwa katika maswali hayo huwa na pembe, kwa kuwa imetoka katika mwamba wake. Ardhi ya mahali huwa shahidi wa pili.

Lakini wema huo nao una mtego. Mwanafunzi aweza kwenda kwa wachimbaji, akakusanya maneno yao, sauti zao, hesabu zao na mahali pa mashimo yao, akavipakia vyote katika mitambo ya chuo kilicho ng'ambo, akapata shahada, na waliompa wasipate hata kujua alichopata. Hayo yatakuwa makinikia ya aina nyingine, yasiyohitaji kontena wala bandari, na hapana askari atakayeyazuia njiani. Aliyezaliwa katika nchi iliyonung'unika juu ya mchanga wake hana udhuru wa kuwafanyia jirani zake jambo lile lile. Ni wajibu wake kuwaomba idhini kwa lugha waielewayo, kuwaachia nakala, na kurudi kuwaeleza alichokiona. Mtu hawezi kudai kushuhudiwa kwa haki na chuo ikiwa yeye mwenyewe hakuwashuhudia kwa haki waliomfungulia milango.

Hapana budi kusema pia juu ya upweke, maana upweke ndio huwavunja wengi kabla ya udanganyifu kuwajia. Wasukuma wana ngoma ya bugobogobo, ambayo wakulima hulima kwa safu huku ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Katika safu ile mvivu huonekana, na mchovu hubebwa na mdundo wa wenzake. Mwanafunzi wa mbali hulima bila safu na bila ngoma. Hurudi kazini jioni, hula, hungoja watoto walale, kisha huanza kazi ambayo hapana aionaye. Mke au mume hubeba sehemu ya mzigo ule, wala jina lake halitaandikwa katika cheti. Katika saa kama hizo, umeme ukikatika na msimamizi akikaa wiki tatu bila kujibu, ndipo njia ya mkato hunong'ona kwa sauti ya huruma. Humwambia mtu kuwa amechoka, kuwa wengine hufanya hivyo, kuwa hapana atakayejua. Maneno mawili ya kwanza yaweza kuwa kweli. La tatu ni uongo, kwa sababu yeye mwenyewe atajua, na yeye ndiye atakayeishi na huyo ajuaye mpaka kufa kwake.

Dhamiri, basi, ndiyo shahidi wa mwisho, lakini si vyema kuiachia peke yake kazi yote. Chuo kinachofundisha kwa mbali kina deni la kumhoji mwanafunzi kwa kinywa mara nyingi, si siku ya utetezi tu, na la kutaka kuona makapi ya kazi kama kinavyotaka kuona kazi. Mwajiri ana deni la kuuliza mtu ajua nini badala ya kuhesabu herufi zilizotangulia jina lake. Jamii ina deni la kuacha kuwaheshimu watu kwa cheo kabla ya kuwaona wakitenda, kwa kuwa heshima ya bure ndiyo soko linalowatajirisha wauza vyeti.

Hayo yakitimizwa, udaktari uliopatikana Geita mbele ya kioo cha kompyuta hautakuwa na upungufu wowote mbele ya ule uliopatikana chini ya macho ya maprofesa kumi. Yasipotimizwa, hata huu wa pili hauna salama. Umbali hauongezi uongo wala haupunguzi kweli. Humkabidhi mwanafunzi kazi ya ulinzi ambayo zamani ilifanywa na wengine. Aliyeitunza nusu ya mwamba wake hana haja ya kuapa. Mgodi, hospitali au mahakama itakapouliza ni nani aliyeichimba kazi hii, atafungua sanduku, na wapimaji waendelee.